Nilikuwa ndani ya kona, mbona nimeadhibiwa mimi?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Tabata, nashiriki ligi ya magari ya GT3 (magari ya mbio yaliyotokana na magari ya mtaani) kwenye Assetto Corsa Competizione, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari, seva ipo Ujerumani. Kwenye mbio za uwanja wa Monza, mzunguko wa 6, nilimpita mwenzangu kwa ndani kona ya kwanza. Nilikuwa nimeshafika usawa wa mlango wake ndipo akageuza usukani akanifungia. Tukagongana, yeye akazunguka. Waamuzi wamenipa sekunde 10 na alama 2 kwenye leseni. Mzunguko wa 14 nikateleza kona ya Ascari, wakati narudi barabarani aliyekuwa anakuja nyuma akanigonga, nimeongezewa sekunde 5. Kwenye marudio yangu (video ya mbio inayohifadhiwa na mchezo) inaonekana kabisa nilikuwa sambamba, lakini kwenye marudio ya waamuzi naonekana nipo nyuma. Pingi yangu (muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi) ni kama milisekunde 170, natumia ruta ya 4G kwa Wi-Fi. Je, wananionea kwa sababu ya intaneti? Nikate rufaa au nihame ligi? Muda wa rufaa unaisha kesho saa nne usiku."*

Ndugu yangu wa Tabata, nikujibu moja kwa moja kwanza, maana muda wako ni mfupi. Kwa jinsi ulivyoeleza mwenyewe, adhabu zote mbili zina msingi na sioni dalili ya kuonewa. Rufaa yenye uzito ipo moja tu, na inategemea picha moja kwenye marudio ambayo unaweza kuikagua leo hii. Nitakuelekeza namna ya kuikagua, lakini kwanza tuelewane kuhusu kona yenyewe, kwa sababu hapo ndipo madereva wengi wapya wa ligi wanapoumia.

Unasema ulikuwa usawa wa mlango wake alipokufungia. Shida ni kwamba kuwa sambamba wakati wa kugongana si kipimo cha haki ya kona. Fikiria hali ya pale. Gari la GT3 linafika mwisho wa ule mnyoofu wa Monza likiwa na zaidi ya kilomita 250 kwa saa, yaani karibu mita 70 kila sekunde, na linatakiwa kushuka mpaka mwendo wa gari la mtaani ili likate kulia kisha kushoto. Dereva yeyote anayechelewa kukanyaga breki kuliko mwenzake atakuwa sambamba naye kwa muda. Hata gari lisiloweza kabisa kuikata ile kona litakuwa sambamba kwa muda, halafu litapitiliza. Kwa hiyo waamuzi hawaulizi kama ulifika ubavuni. Wanauliza ulifika lini, na ulifika ukiwa na mwendo wa kuimudu kona au hapana.

Kipimo cha "lini" ni pale dereva wa mbele anapoanza kugeuza usukani kuingia kona. Akishageuza, ameshaamua njia yake, na gari lenye kasi ile halirudishwi. Kama kabla ya hapo ulikuwa umejiweka ubavuni kiasi cha kuonekana, anawajibika kukuachia nafasi ya upana wa gari moja. Kama hukuwa, kona ni yake na wewe ndiye wa kukwepa. Kiasi gani kinatosha hutofautiana. Ligi nyingi zinataka magurudumu yako ya mbele yawe angalau usawa wa kiti cha dereva au kioo chake cha pembeni, nyingine huridhika ukishavuka gurudumu lake la nyuma. Fungua kitabu cha kanuni cha ligi yenu usome kipengele hicho neno kwa neno, kwa sababu rufaa yako yote inasimama au kuanguka hapo.

Barabarani kwetu tumezoea kuchomekea. Daladala ikishaingiza pua, wenye magari madogo wanaipisha kwa kuogopa kukwaruzwa, na dereva anahesabu ameshinda. Nakuomba tabia hiyo uiache kwenye foleni ya Ubungo, kwa sababu kwenye mbio anayeingiza pua kwa kuchelewa ndiye anayebeba gharama zote.

Usidhani pia kwamba kanuni zinamlinda wa mbele tu. Ligi nyingi huchota kanuni zake kutoka sura ya IV ya Kiambatisho L cha Kanuni za Kimataifa za Michezo za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Humo dereva anayejilinda haruhusiwi kubadili mwelekeo zaidi ya mara moja, na akiwa ameacha mstari wa mbio (njia ya haraka zaidi ya kupita kona) ili ajilinde kisha anataka kuurudia kabla ya kona, lazima aache angalau upana wa gari moja kati yake na ukingo wa barabara. Kukuhamia wakati umeshaanza kufunga breki ni kosa linaloadhibiwa karibu kila ligi, na kukanyaga breki makusudi katikati ya mnyoofu ni kosa hata kama aliyegonga ni wa nyuma. Ule usemi wa mtaani kwamba wa nyuma ndiye mkosaji siku zote haupo kwenye kanuni.

Sasa kagua picha yako. Fungua marudio yale waliyotumia waamuzi, kamera iwe ya juu. Sogeza polepole mpaka picha ya kwanza kabisa ambayo magurudumu ya mbele ya mwenzako yanaanza kupinda. Simamisha hapo. Ekseli yako ya mbele ipo wapi ukiilinganisha na gari lake? Ukimaliza, hamia kamera ya ndani ya gari lako, angalia sekunde mbili zinazofuata: bado ulikuwa umekanyaga breki kwa nguvu? Magurudumu yalifunga? Gari lako liliendelea kukumbatia ukingo wa ndani, au lilikuwa linasukumwa kwenda katikati ya barabara mpaka likamkuta yeye? Ukiona lilikuwa linatoka nje ya njia yake, hata kama ulifika sambamba kwa wakati, lawama inabaki kwako, kwa sababu anayeingia kwa ndani ana wajibu wa kubaki ndani.

Tuje kwenye intaneti, kwa sababu hapa una hoja ya kweli, ila si ile unayoifikiria. Kwenye michezo mingi ya aina hii, fizikia ya gari lako inakokotolewa na kompyuta yako. Mahali gari lilipo na mwendo wake vinatumwa kwenye seva, na seva inawapelekea wengine. Pingi ya 170 ni kwenda na kurudi, kwa hiyo taarifa yako inafika seva baada ya milisekunde 85 hivi. Mwenzako akiwa jirani na seva na pingi ya 30, ongeza 15. Jumla ni kama sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa kasi ya kilomita 250, gari limeshasonga mita 7, urefu wa gari moja na nusu. Ili msione magari yakirukaruka, mchezo unakisia: unachukua kasi na mwelekeo wa mwisho unaoujua, kisha unalisogeza gari mbele kwa makadirio.

Kwenye mnyoofu makadirio hayo ni mazuri sana. Yanaharibika gari linapofanya jambo jipya, na kugeuza usukani ni jambo jipya. Mwenzako amegeuza, lakini kompyuta yako bado inamchora akienda moja kwa moja mpaka taarifa mpya ifike. Kwako mlango upo wazi, kwake umeshafungwa. Gari la GT3 kwenye kona linavutwa pembeni kwa mchapuko wa mita 15 hivi kwa sekunde kila sekunde. Kwa ucheleweshaji wa sekunde 0.1, kosa la makadirio ni chini ya sentimita 8, jambo dogo. Lakini pakiti, yaani vipande vidogo vya taarifa vinavyotumwa, zikipotea au zikichelewa na pengo likawa sekunde 0.4, kosa linafika mita 1.2, zaidi ya nusu ya upana wa gari.

Na hili ndilo linaloeleza marudio yako. Kama ulikuwa unamkaribia kwa tofauti ya kilomita 36 kwa saa, unakula mita 10 kila sekunde. Kwenye marudio yako yeye anageuza usukani akiwa amechelewa kwa sekunde 0.1, nawe katika muda huo umeshapata mita 1 zaidi. Pengo likiwa 0.4, umepata mita 4, karibu urefu wa gari zima. Kwa hiyo picha yako inakuonyesha sambamba kabla hajageuza, na picha ya waamuzi inakuonyesha nyuma. Hakuna aliyechakachua kitu. Ila waamuzi hawawezi kumhukumu mtu kwa kitu ambacho hakukiona kwenye skrini yake, na kwenye ligi nyingi kanuni iko wazi kwamba mwenye muunganisho dhaifu ndiye anayetakiwa kuacha nafasi zaidi. Naiona kanuni hiyo ni ya haki, hata kama inatuuma sisi tulio mbali na seva.

Katika hesabu hizo kuna habari njema kwako: pingi ya 170 iliyotulia inakimbizika vizuri, kinachoua ni kuyumba. Mtu mwenye pingi ya 170 isiyotikisika ni salama kumkaribia kuliko mwenye 60 inayoruka mpaka 300 kila dakika. Umbali wa Dar na Ujerumani huwezi kuupunguza. Kuyumba unaweza kukupunguza sana, na kwa maelezo yako mshukiwa wa kwanza ni Wi-Fi.

Pima hivi, saa zilezile mnazokimbia, si mchana wakati majirani wapo kazini. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ping -n 600 ikifuatiwa na anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Itachukua dakika 10. Fungua dirisha la pili ufanye vilevile kwa 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Ruta ikijibu kwa milisekunde 1 hadi 3 bila kupoteza pakiti huku dirisha la pili likipoteza, tatizo liko nje ya nyumba. Ruta yenyewe ikijibu 2, mara 80, mara 5, tatizo ni Wi-Fi, na dawa yake ni waya wa mtandao kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta. Hata ruta nyingi za 4G zina tundu la waya kwa nyuma. Waya ukiwa mfupi, isogeze meza, usirudi kwenye Wi-Fi. Ruta yenyewe iweke dirishani upande unaopata mnara vizuri, juu, mbali na friji na televisheni. Wakati wa mbio simu zote za nyumbani zitoke kwenye ruta hiyo, na masasisho ya kompyuta yazimwe. Upotevu wa pakiti ukizidi asilimia 1, usiingie kwenye mbio siku hiyo. Kuna siku tatizo ni kubwa kuliko wewe, kama Mei 2024 mikongo ya baharini ilipopata hitilafu na intaneti ya nchi nzima ikasuasua. Siku za namna hiyo mtumie msimamizi ujumbe kabla ya mbio kwamba hushiriki, na ligi nyingi hazitakukata alama.

Umeme nao uangalie: LUKU iwe na uniti za kutosha, na ruta pamoja na kompyuta zikae kwenye UPS, ile betri ya akiba ya umeme ukikatika. Ya VA 1000 haitakumalizia mbio, inakupa dakika chache za kuliondoa gari barabarani na kurudi piti, sehemu ya kuhudumia magari.

Suala la Ascari ni fupi zaidi, na hapo sina cha kukutetea. Aliyetoka barabarani hana haki yoyote mpaka awe amerudi salama, na wajibu wote ni wake. Gari likianza kuzunguka, kanyaga breki na klachi mpaka lisimame kabisa, ili wanaokuja wajue utakuwa wapi. Dereva anayeachia breki akajaribu kuokoa gari ndiye anayerudi nyumanyuma katikati ya barabara na kuwazoa wengine. Ukishasimama, angalia ramani ndogo na orodha ya waliokaribu. Magari yanatoka Ascari yakiwa yanafungua mafuta kuelekea mnyoofu wa mwisho, wakati gari lako lililosimama linahitaji zaidi ya sekunde 3 kufika kilomita 100 tu. Pengo la sekunde 2 halitoshi. Subiri sekunde 6 au zaidi, hata kama wanakupita watatu. Kisha tembea kwenye nyasi sambamba na barabara, pandisha mwendo, ingia taratibu upande usio na mstari wa mbio, ubaki huko mpaka ulingane kasi na wengine. Kuikata barabara kwa pembe ndiko kulikokugharimu zile sekunde 5. Na kwa kweli sekunde 5 ni adhabu ya chini.

Jambo moja ambalo hukuliuliza lakini lingekuokoa kwenye kona ya kwanza: kurudisha nafasi. Ukimgonga mtu akazunguka, toka kwenye mstari wa mbio kwenye mnyoofu unaofuata, punguza mwendo bila kusimama, umsubiri apite, ndipo uendelee. Waamuzi wengi wakiona hivyo hupunguza adhabu, wengine huifuta kabisa na kukupa onyo. Sekunde 10 zako pamoja na alama 2 zinaonyesha uliendelea na safari. Na usichanganye hili na adhabu za mchezo wenyewe. Assetto Corsa Competizione inakuadhibu papo hapo kwa kukata kona au kuvuka kilomita 50 kwa saa kwenye njia ya piti, lakini haiamui nani kakosa kwenye mgongano, hiyo ni kazi ya binadamu. Kwenye iRacing, mchezo mwingine wa aina hii, mfumo unawapa alama za tukio wote wawili, aliyegonga na aliyegongwa, bila kumtafuta mkosaji. Usije ukaona alama zile ukadhani kuna mtu amekuhukumu.

Basi, rufaa. Kama ile picha uliyoisimamisha kwenye marudio ya waamuzi inaonyesha umetimiza kipimo cha kanuni yenu, na gari lako lilibaki ndani, kata rufaa, una kesi. Kama inakuonyesha nyuma ya kipimo, usikate. Rufaa isiyo na ushahidi mpya huwa haibadilishi kitu, kuna ligi zinazoongeza adhabu kwa rufaa ya bure, na waamuzi haohao utakutana nao msimu mzima. Marudio yako mwenyewe hayatakusaidia kama hoja kuu, kwa sababu niliyokwisha kueleza. Ukiamua kuandika, andika hivi, kwa lugha ya ligi:

"Mzunguko wa 6, kona ya 1, magari namba 27 na 41. Natumia marudio yaliyotumiwa na waamuzi. Kwenye picha ambayo magurudumu ya mbele ya 41 yanaanza kugeuka, ekseli yangu ya mbele ipo usawa wa kioo chake cha pembeni. Baada ya hapo gari langu linabaki kwenye ukingo wa ndani mpaka tunagusana. Naomba mwangalie upya kama kipimo cha kanuni yetu kimetimia. Video tatu zimeambatanishwa: kamera ya juu, ndani ya 27, ndani ya 41."

Weka namba zenu halisi na taja kipengele cha kanuni. Video ianze sekunde 10 kabla ya tukio, iishe sekunde 10 baada yake, mwendo wa kawaida, bila kukatwa. Neno la kumtuhumu mwenzako lisiwepo hata moja. Na hiyo saa nne usiku ihakiki ni ya wapi. Ikiwa ni saa ya Ujerumani, kwetu ni saa tano usiku wakati wao wapo kwenye majira ya kiangazi, na saa sita usiku wakati wa baridi. Wanabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, na watu wengi wa huku hukosa hata mbio zenyewe kwa sababu hiyo.

Iwe umekata rufaa au la, mwandikie yule dereva binafsi, umpe pole kwa mbio zake zilizoharibika. Atakukumbuka kwa hilo mtakapokuwa ubavu kwa ubavu tena.

Kuhama ligi sikushauri kwa sasa. Seva ya karibu zaidi, kwa mfano Afrika Kusini, inaweza kukupa pingi nzuri zaidi, lakini tatizo la kuchelewa breki utakwenda nalo. Maliza msimu huu, ukiwa unafunga breki mita 10 kabla ya alama yako ya kawaida ya kuanza breki kila unapokuwa nyuma ya mtu, na mzunguko wa kwanza mita 20, kwa sababu tairi bado hazijapata moto na kundi zima linajibana kona ya kwanza.

Kuna mambo mawili ambayo maandishi hayatayamaliza. Kama baada ya kutumia waya bado dirisha la 8.8.8.8 linapoteza pakiti usiku baada ya usiku, piga picha matokeo ya siku tatu uende nayo ofisi ya mtoa huduma wako, au umwite fundi wao aje kupima nyumbani. Ukienda na namba utasikilizwa haraka kuliko ukisema intaneti iko slo. La pili, ingia kwenye mipangilio ya mchezo ukanyage pedali ya breki polepole ukitazama mstari wake. Ukiruka au usipofika asilimia 100, breki yako inakudanganya, na huenda ndiyo iliyokupitilizisha Monza. Pedali za bei ya chini hutumia kipimio kinachoingia vumbi, na vumbi la Dar halina huruma. Mpelekee fundi wa elektroniki Kariakoo, mwambie aisafishe kwa dawa ya kusafishia swichi, asiifungue springi bila sababu. Ikishasafishwa, irekebishe upya kwenye mchezo kabla hujaingia seva.